iPad Pro: Nguvu za kompyuta, ruhusa za kishikwambi

Wadau, tusemezane kidogo. Aprili 2021 Apple walitangaza iPad Pro yenye chipu ya M1, ile ile ya MacBook Air ya 2020. Mei 2024 wakatangaza M4, ikaingia kwenye iPad Pro kabla ya Mac yoyote. Kwa hiyo ile hoja kwamba kishikwambi hakina nguvu imeshakufa.

Sasa kinakwama wapi? Kwenye programu, jamani. iPad ya 2021 iliuzwa hadi na memori ya GB 16, lakini mwanzoni programu moja iliruhusiwa kutumia kama GB 5 tu. Na Xcode, zana kuu ya kutengenezea programu za iPad hiyo hiyo, mpaka leo inataka Mac!

Tuwe wakweli, Septemba 2025 iPadOS 26 ilileta madirisha unayoyapanga upendavyo. Ni hatua nzuri. Ila huku kwetu programu bado lazima zipitie duka la Apple.

Mimi naona hii ni biashara, si ufundi. Apple wanauza vyote viwili. Wakiweka macOS kwenye iPad, wangapi watanunua tena MacBook?

Kwa hiyo wewe unayejichanga upate kifaa kimoja tu: kama kazi yako ni kuchora na kusoma, iPad inakutosha kabisa. Kama unajifunza kuandika programu, tafuta laptopu, hata iwe ya mtumba. Usinunue ahadi.

Nyie mnasemaje?