Tovuti za Serikali: Tangazo Lisiloonekana ni Sawa na Tangazo Lisilotolewa

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC). Bima hiyo, ambayo gharama yake ni Dola za Marekani 44 kwa mtu mzima na hudumu kwa siku 92, hununuliwa kwa njia ya mtandao kupitia tovuti ya visitzanzibar.go.tz. Mgeni hahitaji kupanga foleni katika ofisi yoyote ya Mji Mkongwe. Hukata bima yake akiwa Milan au Warsaw, mara nyingi kwa simu ya mkononi, kabla ya kupanda ndege kuelekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume.

Hata hivyo, watu wengi hawaandiki anuani kamili ya tovuti. Huandika maneno machache katika Google na kufungua jibu linalotokea juu. Iwapo ukurasa rasmi haukutokea, au umetokea ukiwa na kichwa kisichoeleweka, nafasi yake huchukuliwa na dalali anayeongeza bei au na tovuti ya kuiga. Hali hiyo inafahamika katika huduma ya viza, ambayo Idara ya Uhamiaji ilianza kuitoa kwa mfumo wa kielektroniki mwaka 2018. Viza ya kawaida ni Dola 50 katika tovuti rasmi ya visa.immigration.go.tz, lakini zipo tovuti binafsi zinazofanana nayo kwa rangi na maneno ambazo humtoza mwombaji fedha zaidi kwa kazi ileile.

Mfano huo unaonesha kwa nini ukaguzi wa mara kwa mara wa tovuti za Serikali ni suala la huduma kwa umma na si la mafundi wa kompyuta peke yao. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Wakaazi wake, ambao Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu kuwa 1,889,773, nao wanazidi kutafuta huduma, matokeo ya mitihani, nafasi za ajira na nambari za malipo kupitia mtandao. Tangazo lililowekwa katika tovuti lakini lisiweze kupatikana halijamfikia aliyekusudiwa.

Njia ya tangazo hadi kwa msomaji

Injini ya utafutaji hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, programu zake huzunguka katika mtandao zikifuata kiungo kimoja hadi kingine na kusoma kila ukurasa zinaoruhusiwa kuusoma. Pili, yaliyosomwa huhifadhiwa katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyopo mwishoni mwa kitabu. Tatu, mtu anapouliza jambo, injini huchagua ndani ya faharasa hiyo kurasa inazoona zinajibu swali na kuzipanga kwa mfuatano.

Hitilafu inaweza kutokea katika kila hatua. Ukurasa usiofikika hausomwi. Ukurasa uliosomwa lakini ukakatazwa kuhifadhiwa hauingii katika faharasa. Ukurasa ulioingia bila ya kichwa wala maneno ya maana hupangwa chini, mahali ambapo wasomaji wachache hufika. Katika hali zote tatu, afisa aliyeuweka anapoufungua kwa anuani anayoijua huuona uko sawa, na kwa sababu hiyo kasoro inaweza kukaa kwa miezi bila ya mtu yeyote kulalamika.

Kasoro zinazojirudia

Kasoro ya kwanza ni kiungo kilichokufa, ambacho humletea msomaji ujumbe wa hitilafu nambari 404 wenye maana kwamba ukurasa haupo. Mara nyingi chanzo chake ni mabadiliko ya kawaida ya kiutawala: wizara zinaunganishwa, idara inahama au taasisi inapewa jina jipya. Mwaka 2022, kwa mfano, Bodi ya Mapato Zanzibar (ZRB) iligeuzwa kuwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Mabadiliko ya aina hiyo yanapotokea, jina la zamani hubaki katika barua, vipeperushi, viungo vya tovuti nyengine na vichwa vya wafanyabiashara, ambao wataendelea kulitafuta kwa miaka. Dawa yake ni uelekezaji wa kudumu, unaojulikana kwa nambari 301, ambao humchukua msomaji kutoka anuani ya zamani hadi ukurasa mpya unaolingana nayo. Kumtupa kila msomaji katika ukurasa wa mwanzo hakutoshi, kwa kuwa aliyekuja kutafuta fomu hulazimika kuanza upya.

Tatizo hili ni la dunia nzima. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 na taasisi ya Pew Research Center ya Marekani ulibaini kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena ilipofika mwaka 2023. Kwa upande wa kurasa za Serikali zilizochunguzwa, asilimia 21 zilikuwa na angalau kiungo kimoja kilichokufa. Kwa hivyo, kuwa na viungo vibovu si fedheha ya pekee kwa nchi yoyote. Kasoro ni kutokuwa na utaratibu wa kuvigundua.

Kasoro ya pili ni zuio lililosahauliwa. Tovuti mpya inapojengwa, mafundi huiwekea amri ya noindex au katazo katika faili la robots.txt ili isionekane kabla ya kukamilika. Siku ya uzinduzi hufika, picha hupigwa, na amri hubaki palepale. Tovuti hufunguka vizuri, lakini kwa injini za utafutaji ni kama haijazaliwa. Mstari mmoja wa maandishi unaweza kuificha taasisi nzima.

Kasoro ya tatu inawahusu zaidi maafisa habari. Tangazo huchapishwa, hutiwa saini na muhuri, kisha hupigwa skani na kupandishwa likiwa picha. Kwa msomaji mwenye macho mazima ni barua iliyokamilika. Kwa injini ya utafutaji, ambayo si lazima iweze kuyatambua maneno yaliyomo ndani ya picha, huenda ikawa karatasi tupu. Kwa mtu asiyeona, anayetumia programu ya kusoma maandishi kwa sauti, hiyo ni karatasi tupu kabisa. Tatizo huongezeka pale faili linapopewa jina la "tangazo jipya" au nambari ya mashine ya skani. Suluhisho halina gharama: maneno yote ya tangazo yaandikwe katika ukurasa wenyewe, nakala yenye saini iambatanishwe, na kichwa kitaje jambo, taasisi na mwaka.

Kasoro ya nne ni cheti cha usalama kilichopitwa na wakati. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huitaja tovuti isiyo na mawasiliano yaliyofichwa kuwa si salama, na cheti kinapomalizika muda msomaji hukutana na onyo kubwa kabla ya kuona chochote. Mwananchi aliyefundishwa kujihadhari na matapeli atarudi nyuma, na atakuwa amefanya uamuzi sahihi. Kazi ya kuhuisha vyeti inazidi kuwa ya karibu karibu. Mwezi Aprili 2025 jumuiya ya kimataifa inayoweka kanuni za vyeti hivyo iliamua kupunguza muda wa juu wa cheti kutoka siku 398 hadi siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 ifikapo Machi 2029. Taasisi iliyozoea kukumbuka cheti mara moja kwa mwaka haitaweza kuendelea na utaratibu huo.

Kasoro ya tano ni tovuti isiyofaa kwa simu. Tangu tarehe 5 Julai 2024 Google haiziingizi katika faharasa yake tovuti ambazo hazifunguki kabisa katika simu. Aidha, inashauri sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Mkaazi wa Makunduchi au Nungwi anayelipia kifurushi kidogo hawezi kusubiri picha kumi za ufunguzi wa semina ili afikie tarehe ya mwisho ya maombi ya mkopo. Picha zipunguzwe uzito, na habari itangulie.

Kasoro ya sita ni lugha. Kurasa nyingi duniani hujengwa kwa violezo vya Kiingereza, na fundi akisahau kubadilisha alama ya lugha, ukurasa wa Kiswahili hujitambulisha kuwa wa Kiingereza. Programu ya sauti husoma "Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali" kwa matamshi ya Kiingereza, na kivinjari huweza kujitolea kuutafsiri ukurasa usiohitaji tafsiri. Vilevile, mzazi huandika "matokeo ya skuli", hatumii istilahi za ofisi. Kichwa cha ukurasa kikitumia maneno ya wananchi, wananchi watakifikia.

Ukaguzi wenye mwenyewe

Kasoro hizo zinagundulika kwa vifaa vilivyopo. Google Search Console, ambacho ni chombo kisicho na malipo, humwonesha mmiliki wa tovuti kurasa zilizoingia katika faharasa, zilizokataliwa na sababu zake, pamoja na maneno ambayo watu waliyatumia kuifikia tovuti. Zipo pia programu zinazopita kiungo kwa kiungo na kutoa orodha ya vilivyokufa. Hata kuandika neno site, nukta mbili na anuani ya taasisi katika kisanduku cha Google huonesha kurasa zinazojulikana. Njia hiyo imewahi kufichua, katika nchi mbalimbali, kurasa za michezo ya kamari zilizopachikwa na wadukuzi ndani ya tovuti za Serikali bila ya wenyewe kujua.

Jambo gumu ni utaratibu. Kila siku mtambo uangalie kama tovuti inafunguka na cheti kimebakisha siku ngapi. Kila wiki apatikane mtu wa kupitia viungo vilivyokufa na kurasa zilizokataliwa. Kila mwezi afisa habari na afisa wa teknolojia wakae pamoja kuangalia wananchi walitafuta nini na walikosa nini. Ripoti isiyokuwa na jina la anayewajibika kurekebisha hubaki kuwa karatasi.

Ukaguzi ufanyike pia kutoka zaidi ya sehemu moja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na kuvuruga intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, ikiwemo Tanzania. Katika siku kama hiyo, tovuti iliyohifadhiwa katika seva ya nje huweza kuwa nzima kwa msomaji wa Ulaya na kukosekana kwa msomaji wa Darajani. Iliyohifadhiwa nchini huweza kuwa kinyume chake. Anayepima kutoka ofisini pekee hawezi kujua kama tatizo ni tovuti, waya au upande mmoja tu wa dunia.

Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar (eGAZ) ndiyo yenye dhamana ya kusimamia matumizi ya teknolojia katika taasisi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na miongozo ya pamoja hurahisisha kazi hii. Hata hivyo, hakuna mamlaka ya kati inayoweza kujua kwamba fomu ya idara fulani ilibadilika jana. Ujuzi huo uko kwa idara yenyewe. Kwa hivyo, mafanikio yatategemea kama viongozi wa taasisi watauchukulia ukurasa uliopotea kwa uzito uleule wanaoupa dirisha la huduma lililofungwa saa za kazi.

Nafasi ya mwananchi

Wananchi nao wana sehemu yao. Anuani zinazoishia na .go.tz hutolewa kwa taasisi za Serikali pekee, hivyo ni vyema kuisoma anuani yote kabla ya kulipa au kuandika taarifa binafsi. Matokeo yaliyowekewa alama ya tangazo la kulipiwa juu ya orodha ya Google yasichukuliwe kuwa ndiyo rasmi kwa sababu tu yametangulia. Wenye nyumba za wageni na waongozaji watalii wa Mji Mkongwe, Paje na Nungwi wanaweza kuwatumia wageni wao anuani sahihi za bima na viza mapema badala ya kuwaacha wajitafutie. Anayekutana na ukurasa usiofunguka aiarifu taasisi husika kwa kutaja anuani kamili, siku na saa, kwani taarifa hiyo humwokolea fundi muda mwingi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakaazi wa Mji Mkongwe wanaijua maana yake kwa kuziishi nyumba za mawe na chokaa ambazo mvua huingia kwanza katika tundu dogo la paa. Kiungo kilichokufa leo hurekebishwa kwa dakika chache. Kikiachwa, mgeni atakuwa ameshamlipa dalali, mzazi atakuwa ameshapitwa na tarehe ya maombi, na mfanyabiashara atakuwa ameshaamua kwamba njia ya uhakika ni kufunga duka na kwenda ofisini mwenyewe. Huyo wa mwisho ndiye hasara kubwa zaidi, kwani huduma za mtandao zilianzishwa ili asilazimike kufunga duka lake.