Umehamia Linux, kioo kikawa cheusi? Laptopu yako haijafa

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Waliojiandikisha walipewa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama. Windows 11 nayo ina masharti: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya kiasi. Kwa upande wa Intel, karibu zote za kabla ya kizazi cha 8 zimeachwa nje.

Ndiyo maana wenye laptopu za mwaka 2016 au 2017 wengi wanahamia Linux, mfumo wa bure. Wengine wanakutana na balaa hapohapo: wanawasha, alama ya mfumo inaonekana, halafu kioo kinakuwa cheusi.

Tatizo liko wapi?

Mara nyingi si kioo wala si mashine. Ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na chipu ya picha.

Intel na AMD huweka draiva zao wazi ndani ya Linux yenyewe, kwa hiyo laptopu zao nyingi huwaka bila shida. NVIDIA kwa miaka mingi ilificha kodi zake. Waliojitolea wakatengeneza draiva mbadala, Nouveau, kwa kuchunguza chipu inavyofanya kazi. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitukana kampuni hiyo hadharani akiwa Finland.

Mei 2022 NVIDIA ililegeza na kufungua sehemu ya kodi. Lakini kodi hiyo ni ya chipu za kizazi cha Turing, kilichotoka 2018, na za baadaye tu.

Wazee wameachwa mara mbili

Hapo ndipo penye utata. Kadi za GTX 900 na GTX 10 haziguswi na ufunguzi huo, na toleo la 580 la draiva ya NVIDIA ndilo la mwisho kuzihudumia. Desemba 2025 Arch Linux ilipohamia toleo la 590, wenye kadi hizo walitakiwa wabadilishe draiva wenyewe, la sivyo wangebaki bila picha.

Kwa maneno mengine, laptopu iliyokataliwa na Windows 11 inaweza kuwa ileile ambayo draiva mpya ya NVIDIA haiitambui tena. Mwenye mashine anadhani imekufa, anaiuza kwa bei ya kutupa. Kumbe nzima kabisa.

Fanya hivi kwanza

• Kwenye menyu ya kuwashia (GRUB), bonyeza herufi e. Mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset, kisha bonyeza F10. Mfumo utawaka kwa picha ya kawaida. Hiyo ni njia ya kuingia tu, si tiba.

• Ukishaingia, fungua terminali, andika lspci uone chipu ya picha ni ya nani. Laptopu nyingi za gemu zina mbili: ya Intel ya kuokoa chaji na ya NVIDIA ya kazi nzito.

• Weka draiva inayolingana na chipu. Kwa GTX 900 na 10 ni toleo la 580. Kwenye Ubuntu, amri ya sudo ubuntu-drivers install hukuchagulia yenyewe.

• Draiva ipo lakini haifanyi kazi? Angalia Secure Boot. Ikiwa imewashwa, hukataa draiva isiyo na saini inayotambulika.

Kwa anayetaka kununua laptopu iliyotumika ili aweke Linux, swali la RAM na diski halitoshi tena. Aulize pia: chipu ya picha ni ya nani, na ya mwaka gani? Yenye Intel au AMD peke yake itampa usumbufu mdogo zaidi.