Piko la harusi si mchezo, dada

Leo nina neno na akina dada. Kaka wanaotia ndevu rangi nao wasogee.

Pita Tandika au Magomeni siku yenye harusi, hutakosa kumkuta bibi harusi kanyoosha mikono na miguu, anachorwa maua. Hina ya kweli ni majani ya mhina yaliyosagwa. Hutoa rangi nyekundu au kahawia, na ukae nayo saa kadhaa. Sasa dada zetu subira hawana, wanataka nyeusi tii, tena chapchap. Ndipo linapoingia piko. Na piko la mitaani mara nyingi ni unga ule ule wa kutia nywele weusi, unakorogwa na maji kwenye kisosi, basi.

Ndani ya unga huo kuna kemikali inaitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ulaya wameiruhusu kwenye nywele, isizidi asilimia 2 ikishachanganywa. Kuchorea ngozi, marufuku. Marekani walikiona cha mtema kuni mwaka 1933, rangi ya kope iitwayo Lash Lure, yenye PPD, ilipowaharibu wanawake macho. Balaa hilo ni moja ya yaliyoleta sheria yao ya vipodozi ya mwaka 1938.

Huku kwetu Mbagala kuna binti alichorwa Ijumaa, Jumapili akang'ara ukumbini. Wiki iliyofuata ua zima likavimba na kutoa malengelenge, kila jani na kikonyo chake, utadhani kachorwa kwa pasi. Yamepona, ramani imebaki mkononi. Ubaya ni kwamba mwili ukishaikataa PPD hausahau. Kesho akitia nywele rangi, kichwa na uso vinaweza kuvimba hadi macho yasifunguke. Wengine mara ya kwanza hutoka salama wakajisifu wana ngozi ngumu. Kasheshe huwangoja mara ya pili.

Vipodozi vilikuwa chini ya TFDA, tangu mwaka 2019 viko TBS. Lakini hao TBS watakaa kwenye kila kibaraza cha Temeke? Muombe mchoraji pakiti uisome. Ikiwa ni ya nywele, au hana pakiti kabisa, vaa ndala zako uondoke. Paka hina usiku, uamke nayo.

Na nyie mabwana harusi, msilalamike eti nyekundu haionekani. Inaonekana.