Ukifika Bofa, usiishie mchangani

Kila wikendi simu yangu inajaa Bofa. Picha ni zilezile: mchanga mweupe, miguu imenyooshwa, dafu lenye mrija, na maneno mawili matatu kwamba maisha ni haya haya. Simlaumu mtu. Maji yakitoka, ufuo ule unakuwa mpana hadi unasahau deni la nyumba. Lakini wewe uliyepanda basi usiku kucha kutoka Nairobi, au matatu ya saa moja na ushee kutoka Mombasa, nina swali: ukirudi nyumbani Jumapili, umeijua Kilifi ama umejua rangi ya maji tu?

Nauliza kwa sababu nimechoka na ile kauli ya "Kilifi ukitoa bichi hakuna kitu." Anayesema hivyo anaweza kukutajia vichochoro vya Paris na vijiji vya milimani Italia, mahali hajawahi kukanyaga, kwa kuwa amevitazama mtandaoni mpaka amevikariri. Sehemu za Ulaya "zisizojulikana" tunazijua. Zetu zenye mabango kando ya barabara ya Malindi tunazipita tukiwa tumelala.

Haya, amka. Anza karibu kabisa. Toka Bofa, chukua boda, vuka daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa 1991 na kuistaafisha feri. Upande wa pili, juu ya ukingo, kuna magofu ya Mnarani. Kuna misikiti, kisima chenye kina cha kutisha, makaburi, na kaburi lenye mnara wa mawe. Pembeni kuna mibuyu iliyonenepa kama matangi. Waswahili waliishi pale tangu karne ya 14. Ukisimama ukingoni unauona mkono wa bahari wote chini yako, na mara nyingi utakuwa peke yako. Hiyo picha wenzako hawana.

Siku ya pili panda matatu za Malindi, shuka Gede. Hapa ndipo watu huniambia, "Ni mawe tu." Sawa, ni mawe. Ila ni mawe ya mji wenye kasri, msikiti mkuu, nyumba zenye vyoo vya ndani na mitaro ya maji, katikati ya msitu. Kaburi moja limechongwa tarehe inayolingana na mwaka 1399. Wachimbaji walipata vyombo vya kauri kutoka China na shanga za Venice. Wareno walikaa Malindi, karibu hivyo, na hawakuuandika mji huu popote. Karne ya 17 wenyeji wakaondoka, na mpaka leo wataalamu wanabishana kwa nini: visima kukauka, vita, au vyote pamoja. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Dunia imeshaupigia saluti, na wewe unaupita ukitafuta mahali pa kuchaji simu.

Pale pale Gede kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na wale wachanga wakiwa bado kwenye vifuko husafirishwa hadi maonyesho ya ng'ambo. Msitu wenyewe una kama kilomita 420 za mraba, ndio mkubwa uliobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake anaishi sange, mnyama mdogo mwenye pua kama mkonga na matako ya rangi ya dhahabu. Sikutanii. Nenda asubuhi na mapema na mwelekezi wa pale, utamwona akikimbia.

Halafu kuna Mida. Kuna daraja la mbao na kamba linaloning'inia juu ya mikoko, zaidi ya mita 200, likiishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege waliovuka mabara. Hili linanigusa kwa sababu yangu binafsi. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo najua barua ya karo inavyonuka. Sehemu ya kiingilio cha daraja lile huenda kwa karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu na mikoko. Masharti ya mzazi ni kuutunza msitu. Yaani matembezi yako ya nusu saa yanaweza kumbakisha mtu darasani.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Bichi itajaa hata usipokuja. Lakini kijana anayeishi ukingoni mwa msitu anahitaji sababu ya kuuacha mti umesimama, na njaa ni sababu nzuri sana ya kuukata. Mgeni anayelipa kiingilio, anayemlipa mwelekezi, anayekula wali wa nazi kijijini, anampa hesabu nyingine. Tukiwaachia wazungu kazi hiyo, msimu wao ukiisha na pesa zinaisha. Sisi tuko hapa mwaka mzima.

Ukibaki na siku, vuka Mto Sabaki uende Marafa, kwenye korongo la Nyari. Fika jioni jua likishuka. Kuta za udongo zinageuka nyekundu, chungwa, nyeupe. Wazee husimulia kwamba hapo aliishi tajiri mwenye ng'ombe wengi hadi familia yake ikawa inaoga maziwa, Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Waelekezi ni vijana wa kijiji. Waachie wakusimulie wenyewe, wana matoleo bora kuliko langu.

Kuna mahali pamoja sitakuambia uende hivi hivi: makaya ya Wamijikenda. Nayo yako kwenye orodha ya UNESCO, tangu 2008, lakini ni mahali pa ibada. Bila ruhusa ya wazee usiingie, na ukiruhusiwa fuata unachoambiwa, hata kama ni kuvua viatu na kuweka simu mfukoni. Kaya Fungo ililipuliwa na Waingereza mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha Wagiriama wasitii serikali ya kikoloni. Watu waliolipiwa hivyo heshima yao wana haki ya kukuambia "hapana."

Najua utasema pesa hakuna. Kiingilio cha raia kwenye magofu ni kidogo kuliko cha mgeni, kwa hivyo beba kitambulisho. Nauli ni ya matatu na boda. Toa chupa mbili kwenye bajeti ya Jumamosi usiku uone kama haitoshi. Chai ya asubuhi ni mahamri na mbaazi, hilo halifilisi mtu.

Kwa hivyo wikendi ijayo ogelea Bofa Jumamosi, ujichome jua vizuri. Jumapili asubuhi, kabla ya basi, vuka daraja uende Mnarani. Ukirudi hapa uniambie ni mawe tu, tutabishana. Lakini nenda kwanza.