Injini ya Pikapu ya Chama

Katika mkutano uliopita habari ya injini ya pikapu yetu ilizungumzwa kwa muda wa saa mbili, na mwisho wake haukuonekana. Wengine walisema kwa hasira; wengine walinyamaza kwa kuwa herufi na namba zilizotajwa zilikuwa kama hesabu ya watu wengine. Twaona ni wajibu wetu kuandika shauri letu katika kurasa hizi, ili kila mmoja alipime kwa utulivu kabla Halmashauri haijatoa fedha. Fedha hizo ni akiba iliyokatwa katika mishahara yetu mwezi kwa mwezi, na walioumia zaidi kuitoa ni wenzetu wa madaraja ya chini, ambao hawakuinuka kusema.

Pikapu ile ni Hilux yenye injini ya 5L, nayo imekwisha. Hula oili, hutoa moshi wa buluu, na asubuhi ya baridi ya Mbeya haiwaki ila kwa kusukumwa. Hapo hapana ubishi. Lakini kazi yake twaijua: hupeleka wagonjwa hospitali, huleta mchele kutoka Kyela, na zaidi ya yote hupeleka maiti za wenzetu na jamaa zao makwao. Hatujasahau siku tulipokuwa tukimpeleka marehemu mwenzetu kwao Kyela, injini ikachemka kabla ya kufika Isyonje, na jeneza likakaa kando ya njia mpaka usiku, mjane akiwa ameketi juu ya majani na shuka begani. Kwa ajili ya siku ile tu, wengi wameapa kwamba hawataki tena kusikia jina la 5L.

Injini zilizoletwa mbele yetu ni tatu: 5L nyingine iliyotumika, 1KZ-TE, na 1KD-FTV. Zote ni za dizeli, zote zina silinda nne, na wengi watastaajabu wakisikia kwamba ukubwa wake ni karibu sawa. 5L ni sentimita za ujazo 2,986, na hizo mbili kila moja ni 2,982. Tofauti yao ni namna zinavyolishwa hewa na mafuta, na herufi zinazofuata jina ndizo zinazotuambia. T ni turbo, yaani feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. E ni kwamba mafuta yatawaliwa kwa umeme. V katika 1KD ni kwamba dizeli hukusanywa katika bomba moja kwa shinikizo kubwa, zaidi ya mara 1,000 ya shinikizo la hewa, kisha hugawiwa na nozeli zinazofunguliwa kwa umeme. 5L isiyo na herufi nyingine haina lolote katika hayo. Pampu yake huendeshwa na injini yenyewe, na fundi aweza kuifungua yote kwa spana zake.

Kwa hiyo nguvu zao zatofautiana sana. 5L hutoa nguvu za farasi karibu 95. 1KZ-TE hutoa kiasi cha 125 au zaidi, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1993. Na 1KD, iliyofuata mwaka 2000, hupita 160. Tena yatupasa kusema kweli juu ya nchi yetu ya milima, maana kweli hii yawapa nguvu wale tunaobishana nao. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mji wa Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na njia ya Tukuyu hupita mahali palipozidi mita 2,000 kabla haijateremka hata Kyela, ambako ni kama mita 500 tu. Basi 5L ifikapo Isyonje imekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya tano. Turbo huirudisha hasara hiyo kwa sehemu kubwa. Asemaye kwamba turbo ni anasa tu hajapanda mlima huo akiwa na magunia ya mchele nyuma.

Hata hivyo sisi twasema tununue 5L.

Kwanza, tuulize ni nini kilichotuaibisha siku ile ya msiba. Fundi alipoifungua rejeta kesho yake, alikuta nusu ya mirija imezibwa na kutu na matope. Na nyuma ya gari, pamoja na jeneza, tulikuwa watu kumi na mmoja. Nasi tunaoandika tulikuwa miongoni mwao. Aliyeshika usukani hakuitazama geji ya joto hata mara moja, kwa kuwa alikuwa akilia. Injini yenye turbo katika hali hiyo ingechemka vilevile, pengine mapema zaidi, kwani nguvu nyingi huzaa joto jingi. Na hapo ndipo hasara ingekuwa kubwa, kwa sababu kichwa cha silinda cha 5L ni cha chuma, lakini cha 1KZ-TE na cha 1KD ni cha alumini. Hatusemi kwamba cha chuma hakipasuki kamwe. Lakini kila fundi tuliyemwuliza alitaja kwanza, pasipo kuulizwa, vichwa vya 1KZ vilivyopasuka baada ya kuchemka mara moja tu. Gari letu halina dereva mmoja. Huendeshwa na yeyote mwenye leseni siku hiyo. Injini inayotaka mtu mwenye macho juu ya geji haifai kupewa watu ishirini wa kupokezana.

Pili, dizeli. Mara nyingi tukiwa vijijini hununua mafuta ya madumu, na maji na vumbi humo si ajabu. Pampu ya 5L huvumilia kidogo. Nozeli za 1KD hazivumilii, na bei ya nne mpya yaweza kuwaliza wahasibu wetu. Ikizimika huko kwa sababu ya waya mmoja au sensa moja, fundi wa njiani atafunga mikono, maana hana mashine ya kuisomea.

Tatu ni makadirio yenyewe. Karani yeyote kati yetu akiletewa hesabu ya mstari mmoja huirudisha. Basi mbona hii ya 1KD ilipigiwa makofi? Imetaja bei ya injini na ujira wa kuifunga, basi. Haikutaja nyaya zote na kompyuta yake, wala rejeta kubwa zaidi, wala giaboksi, ingawa ya 5L haikuundwa kubeba nguvu hizo. Haikutaja breki, ambazo zitabaki zile zile huku gari likiteremka Kyela kwa mwendo mpya. Wala haikutaja kwamba namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari, na kwamba badiliko lolote lapasa kuandikishwa. Kuandikisha huko hata 5L haiwezi kukuepuka. Lakini yaliyobaki yote yatuondokea, maana itakaa palepale ilipotoka ya zamani.

Bwana mmoja alisema ni aibu watumishi wa Serikali kupitwa mlimani na malori ya viazi. Twamjibu kwamba malori hayo yametupita miaka mingi, na mishahara yetu haikupungua.

Kama Halmashauri itaajiri dereva mmoja, na kuweka rejeta mpya na geji ya joto yenye kengele, sisi tutaondoa pingamizi letu juu ya 1KZ-TE, kwani faida yake milimani ni ya kweli. Juu ya 1KD hatutaliondoa.

Na iwapo 5L itakubaliwa, twaomba watakaotumwa kuinunua wahakikishe kwamba haina E mwishoni, maana 5L-E nayo yatawaliwa kwa umeme, na wauzaji huzichanganya. Waitake iwashwe ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto asubuhi kabla hawajafika. Mgandamizo wa kila silinda upimwe na uandikwe. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kabla injini haijaingizwa garini, hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya, kwani ukikatika, valvu hugongana na pistoni na fedha zote zimekwenda. Rejeta izibuliwe juma hilo hilo. Na nyuma wapande watu watano, sisi tukiwa wa kwanza kushuka.