*PICHA YA MTOTO HAISAMBAZWI: MSIMAMO WA TAWI*



Kila baada ya muda huingia kwenye makundi ya WhatsApp video ya mtoto akifanyiwa unyama, na chini yake maneno: "Sambaza mpaka mhusika akamatwe." Anayeituma huenda ana uchungu wa kweli. Lakini video hiyo ikifika kwenye simu mia, mtoto amedhalilishwa mara mia, na aliyeituma amejiingiza kwenye kosa kubwa.

*Sheria inasemaje*

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 wengi wetu tunaijua kwa kifungu cha 16, kile cha taarifa za uongo, maana ndicho tunachobishania kwenye siasa. Kifungu cha 13 hakina kelele, lakini ndicho kinachokataza kuchapisha ponografia ya watoto au kumwezesha mtu mwingine kuipata. Adhabu iliyowekwa humo ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili.

Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 95 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa serikali za mitaa. Huo ni wajibu, si hisani.

*Tatizo ni kubwa kiasi gani*

Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti hapa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono unaohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja. Kwa nchi nzima ni kama watoto 200,000. Tukiishusha hesabu hiyo mtaani kwetu, katika kila watoto 25 wenye intaneti, mmoja yamemkuta.

Na haianzi na picha. Huanza na vocha, bando, sifa na maneno matamu. Kisha huombwa picha moja, halafu vitisho: "Usipotuma nyingine, hii naipeleka kwa baba yako." Mara nyingi anayefanya hivyo si mgeni wa mbali, ni mtu anayefahamika na mtoto. Mtoto hunyamaza kwa sababu anaogopa kipigo cha nyumbani kuliko anavyomwogopa mhalifu.

*Msimamo wetu*

1. Ni marufuku kutuma picha au video ya namna hiyo kwenye kundi lolote la Tawi, hata kwa nia ya kulaani. Atakayetuma ataondolewa na kuitwa mbele ya Kamati ya Tawi.

2. Ofisi ya Tawi haitakaa kikao cha kusuluhisha shauri la aina hii. Wanaotaka "yaishe kifamilia" kwa fedha au kwa kuombana radhi wasitutafute. Fedha hiyo hailipwi kwa mtoto, inalipwa kwa watu wazima ili wanyamaze.

3. Mtuhumiwa akiwa mwanachama, hata kiongozi, hatapewa barua ya Chama wala mtu wa kwenda kituoni kumsemea kwa jina la Chama. Mahakama ndiyo itakayosema kama ana hatia. Kwa sababu hiyo hiyo, tusitaje jina lake mitandaoni: likitajwa la mjomba, la mtoto limeshajulikana.

Wapo watakaouliza, haya yanahusianaje na siasa? Mwenyekiti wa mtaa tunayempigania kura ndiye anayepokea taarifa hizi. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, unataka ziwepo kamati za ulinzi mpaka ngazi ya mtaa na kijiji. Mkutano wa mtaa ujao, kila mwanachama ainuke aulize: kamati yetu ina akina nani, na imekaa lini mara ya mwisho? Sheria isiyo na mtu wa kuipokea pale mtaani hubaki karatasi.

*Likikufika nyumbani*

- Usimpige mtoto. Mwambie hana kosa, umsikilize mpaka amalize.
- Usifute ujumbe, usimjibu mhalifu, usimlipe. Andika namba, jina la akaunti, tarehe na saa.
- Usinakili picha ya mtoto wala kumtumia mtu yeyote, hata sisi viongozi. Peleka simu yenyewe Dawati la Jinsia na Watoto polisi.
- Piga *116*, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.
- Mwone pia afisa ustawi wa jamii, Mtendaji au Mwenyekiti wa mtaa.

Kumbukeni pia kwamba laini anayotumia mwanao imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Una kila haki ya kujua anaongea na nani, na ni vizuri umuulize leo akiwa salama kuliko kesho akiwa analia.

Ujumbe huu *unaruhusiwa* kusambazwa.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi._