Tubandue Gome, Tusiue Mti

Nyuma ya boma letu huku Nyeri palikuwa na mti wa muiri, ambao wataalamu huuita Prunus africana. Babu alikuwa akichemsha gome lake kwa sababu ya taabu ya mkojo. Si uzushi: dawa itokanayo na gome hilo huuzwa hata Ulaya, nayo huwapa nafuu wazee waliovimba tezi dume. Tangu 1995, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Mwaka jana wanunuzi walikuja. Baba akabandua gome lote kuzunguka shina, eti apate karo yangu. Jamani! Chakula cha mti hupitia kwenye gome. Ukilitoa lote, mizizi hufa njaa. Muiri wetu sasa ni kuni.

Mimi niliyesomeshwa na mti huo nasema: tubandue pande mbili tu, kwingine tuache. Tena wazee wapimwe hospitalini kwanza, maana taabu ya mkojo yaweza kuwa saratani, na gome haliponyi saratani. Wahenga hawakukosea: mchuma janga hula na wa kwao.